Ndege wa Buluu wa Bwawani

Mzee Brashi hakuwa na darubini. Hakuwa na viatu vya matopeni, wala kofia ya ukingo mpana, wala subira. Macho yake mazuri aliyaacha kwenye kuta za watu, miaka yote aliyokuwa fundi rangi. Na asubuhi ile ya Jumamosi hakuwa na haya pia, maana ndani ya mkoba wake alimficha njiwa wa jirani, aliyepakwa rangi ya njano ya keki.

Rangi ilikuwa ya mke wake, mwoka keki. Njiwa hakudhurika. Kwa kweli alipendeza kuliko mwanzo.

Shida ndiyo iliyomfikisha hapo. Chama chao cha kutazama ndege kilikuwa na watu watano na darubini tatu. Makao makuu yalikuwa yameonya: chama kitakachomaliza majira ya kuchipua bila kuripoti ndege mgeni hata mmoja, kitavunjwa. Makundi ya ndege wahamao yalikuwa yamekwisha kupita, na hayo ndiyo yalikuwa matembezi ya mwisho. Chama kikivunjwa, Mzee Brashi angeshinda Jumamosi zake zote sebuleni na mama mkwe, mwanamke mwenye kauli mbili tu: "Baba, mbona unapumua kwa nguvu?" na "Baba, mbona umenyamaza?"

Mwenyekiti, daktari wa meno mstaafu, aliwapanga kando ya bwawa.

"Sasa kimya. Kila mtu afunge mdomo."

"Makubwa!" akasema Mama Muuguzi. "Miaka yote umetuambia tuachame, leo tufunge?"

Wakacheka chini kwa chini. Mkoba ukaguna. Mzee Brashi akakohoa upesi.

"Una kifua, kaka?" Mama Muuguzi akauliza.

"Vumbi tu, dada."

"Vumbi gani na umande wote huu?"

Mzee Brashi alikuwa amepanga kila kitu. Angejifanya anafunga kamba za viatu, amwachie njiwa nyuma ya matete, kisha apige kelele za mshangao, ambazo alikuwa amezifanyia mazoezi bafuni. Akainama. Mkono ulikuwa tayari kwenye zipu, mwenyekiti aliponyoosha kidole.

"Pale! Kichaka kile. Tazameni... subirini... anatoka."

Na kweli, akatoka. Ndege wa buluu, buluu tupu, toka utosini hadi mkiani. Alitembea majanini taratibu, bila woga, kama mwenye nyumba anayekagua ua wake. Akadonoa, akawatazama, akadonoa tena.

"Mama yangu mzazi!" Mama Muuguzi akanong'ona. "Tusogee tumwone vizuri."

"Hapana!" mwenyekiti akadakia. "Mgeni huyu ametoka mbali. Mwacheni apumzike."

Mzee Brashi aliazima darubini, lakini hakuona kitu. Machozi yalikuwa yamejaa. Yeye alikuja kudanganya, na kumbe riziki ya kweli ilikuwa njiani. Mungu si Athumani! Akaikaza zipu ya mkoba. Palepale aliapa kumwogesha njiwa, kumnunulia mke wake rangi nyingine, na kutosema uongo tena maishani. Hata mama mkwe angemjibu kwa upole.

"Kaka, unalia?"

"Umande tu, dada."

"Mara vumbi, mara umande. Wewe leo una hali ya hewa yako peke yako!"

Walikwenda moja kwa moja hadi posta. Mwenyekiti aliandika taarifa akiegemea kaunta, na wote wakatia sahihi kama mashahidi. Sahihi ya Mzee Brashi ilikuwa kubwa kuliko zote. Tangu majira yaanze hakuwahi kuwa na moyo mweupe kiasi kile.

Wenzao wakatangulia nje wakibishana ni nani aliyemwona ndege kwanza. Mwenyekiti aliitia barua kwenye bahasha, akalamba kidole gumba, akakipitisha kwenye gundi, kisha akakandamiza kwa nguvu zake zote, kama mtu anayeziba jino.

Alipoinua mkono, alama ya gumba ilibaki juu ya karatasi nyeupe. Ilikuwa ya buluu.

Mwenyekiti akaitazama alama. Mzee Brashi akaitazama alama. Ndani ya mkoba, njiwa wa njano akaguna.

"Nipe stempu," Mzee Brashi akasema.

"Stempu hubandikwa mbele," mwenyekiti akajibu.

"Ya leo inabandikwa nyuma."

Akaibandika juu ya alama ile, akailainisha kingo kwa ustadi wa fundi, akaitumbukiza barua sandukuni.