Kabla ya Kuvuta Maji

Fundi saa alishika mpini wa kuvutia maji chooni, kisha akauachia. Kwa wiki tatu choo chake kilitoka cheusi kama lami, naye kila siku alikivutia maji upesi, akijiambia ni tumbo tu, litatulia. Leo mkono uliozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchele haukuuvuta mpini.

Akafungua komeo la mlango.

"Mama watoto, hebu njoo uone."

Mkewe aliinama, akatazama kwa muda mrefu bila kuziba pua.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Niliona haya kusema."

"Mficha maradhi..." alianza mkewe, lakini methali hakuimaliza. Alimletea shati safi, akamfunga vifungo kimoja kimoja.

"Twende hospitali," alisema. "Na huko useme yote."