Ndege Kumi na Mbili za Kapteni

Hakuwa na cheti, hakuwa na suti, hakuwa na meno ya kutafunia mfupa, na tangu alipotimiza miaka sita hakuwa na baba. Asubuhi hiyo Seremala alikuwa na fomu tu, nayo aliishika kwa mikono miwili mbele ya meza ya Mwenyekiti wa Kamati ya Mnara.

"Pale mlangoni tumeandika tunatafuta wajuzi wa ndege za vita," alisema Mwenyekiti bila kuinua macho. "Vitanda vyangu ni vizima."

"Nimesoma. Ndiyo maana nimekuja."

"Amesoma." Mwenyekiti alimgeukia karani wake. "Bibie, umesikia? Amesoma."

Karani hakucheka.

Picha ilikuwa chini ya kioo cha meza. Ndege kumi na mbili zimepangwa safu mbili uwanjani, na mbele yake amesimama Kapteni, baba yake Mwenyekiti, kifua mbele. Wiki moja baada ya picha hiyo adui alikuja usiku, akauteketeza uwanja pamoja na nyumba za wapagazi zilizopakana nao. Walikufa watu thelathini na mmoja. Kulipokucha mji ulitaka mtu wa kumlaumu, ukapewa mmoja: baba yake Seremala, aliyeonekana akiwasha taa za uwanja. Alisema ametumwa na Kapteni aziwashe. Kapteni alisema hamjui. Kabla ya adhuhuri baba huyo alipigwa risasi, na mwanawe akarithi jina ambalo watoto wa shule walimwimbia mpaka akaacha shule: Mwana wa Mwasha Taa.

Sasa mnara ulikuwa tayari. Bamba la shaba lingetaja waliokufa, lingetaja ndege zilizoungua, na mstari wa mwisho ungemtaja msaliti kwa jina lake kamili. Kilichokosekana ni aina ya ndege. Wataalamu wa makumbusho walikuwa wameirudisha picha mara mbili wakisema ndege hizo hazimo katika vitabu vyao. Ndipo Kamati ikachapisha picha gazetini na kutoa fomu kwa yeyote anayejua.

"Ningekuwa wewe," alisema Mwenyekiti, "ningeuhama mji huu zamani."

"Na majeneza angewachongea nani?"

"Mdomo unao. Haya, tazama. Usinigusie kioo kwa mikono hiyo ya gundi."

Seremala alijua kusoma akiwa na miaka thelathini, katika masomo ya jioni, na kitabu cha kwanza alichokimaliza kilikuwa cha ndege za vita. Hakuishia hapo. Miaka arobaini sasa aliweza kuitambua ndege kwa mkia wake, kama mchungaji anavyomtambua ng'ombe kwa pembe.

Karani alimsogezea kioo cha kukuzia. Seremala aliinama juu ya picha, akakaa hivyo mpaka Mwenyekiti akaanza kugonga meza kwa kalamu.

"Huyu askari wa nyuma amebeba nini begani?"

"Ngazi. Seremala gani asiyejua ngazi?"

"Na majani chini ya magurudumu yamesimama wima."

"Yalinyeshewa, yakaota. Taja aina au utoke."

"Uwanja wa ng'ambo ya mto nao ulipigwa usiku ule?"

"Haukuguswa hata na kokoto, ndege zake zote zilipona. Ulikuwa chini ya mzee wangu. Ile nishani ukutani unadhani alipewa kwa kupiga makofi?"

Seremala alinyoosha kidole gumba juu ya kioo, akakipitisha taratibu toka ncha moja ya bawa hadi nyingine. Kisha akanyooka, mgongo ukalia.

"Ndege hizi nazijua."

"Ipi?"

"Zote kumi na mbili."

Kwa mara ya kwanza Mwenyekiti alimtazama usoni. "Basi jaza fomu kama wenzako. Masharti unayajua, maana umesoma: barua iliyofungwa, ipitie posta, na nakala iende gazetini, mtu asije akasema Kamati ina upendeleo. Hayo masharti nimeyatunga mimi mwenyewe."

"Umeyatunga vizuri."

"Na siku ya uzinduzi nitakuweka mstari wa mbele kabisa, usome ule mstari wa mwisho kwa sauti."

"Nitakuja," alisema Seremala. "Niwekee kiti."

Karakanani alifagia maranda mezani kwa kiganja, akatandika gazeti safi, akajaza fomu mbili kwa kalamu ya wino, mwandiko wake wa masomo ya jioni ukiwa umesimama kama nguzo za mlango. Kwenye ile picha iliyokatwa gazetini alichora mshale mmoja. Alipomaliza alisoma yote kwa sauti, neno kwa neno. Hakukuta kosa.

Bahasha moja ilikuwa ya Kamati, ya pili ya mhariri wa gazeti. Hakuilamba hata moja. Alizipaka gundi yake ya kazi, ile inayoshika mguu wa kiti miaka ishirini, akazikandamiza chini ya randa mpaka zikakauka.

Alizipeleka posta kwa miguu. Hakuondoka dirishani mpaka alipoona zote mbili zimegongwa muhuri na kutupwa ndani ya gunia.

Mshale ulielekea kwenye ngazi iliyo begani mwa askari, na pembeni yake aliandika: *si ngazi, ni bawa*. Na kwenye safu ya "Aina ya ndege", kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi na mbili, alikuwa ameandika jibu lile lile: *mbao za msonobari, misumari ya inchi tatu.*