Punje za Mwani

Kwa miaka ishirini na sita Mzee Shali aliyamwaga mtoni maji machafu ya karakana ya kupaka vyombo shaba. Asubuhi moja binti yake Mwanatumu, aliyesomea kemia, alimletea beseni la punje nyeupe, laini kama mayai ya samaki. Alizitengeneza kwa ute wa mwani uliochanganywa na udongo mweupe.

"Nimimine maji yako humu, baba?"

"Mimina. Yatakushinda."

Maji yalikuwa ya buluu nzito. Kufika alasiri rangi yote ilikuwa imehamia kwenye punje, na maji yakabaki meupe. Mzee Shali alichukua punje moja, akaitazama kiganjani.

"Shaba imo humu?"

"Imo. Ndiyo iliyokuwa ikienda mtoni."

Kutoka ndani ya karakana msimamizi aliita, "Shali, pipa la pili limejaa, kamwage."

Mzee hakuinuka. Alizamisha mkono polepole ndani ya beseni, akaviona vidole vyake vyote vitano, hadi kucha.

"Usiyanywe, baba. Bado sijayapima."

"Sinywi," alisema kwa sauti ya chini, mkono ungali majini. "Natazama tu."