Lambo Limesema

Taa ya kijani iliwaka, ikazimika. Mwantumu akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena. Kompyuta ikamjibu lilelile: kifaa hakitambuliki.

Kompyuta ya zamani iliunguzwa na umeme, ikafa pamoja na programu zote zilizokuwa zikiisikiliza redio ya lambo. Redio hiyo ilifungwa kwenye kigingi kule Misima, mwendo wa nusu siku kwa miguu, ikipima kina cha maji na kumtumia namba. Sasa ilimbidi aanze upya kwenye kompyuta aliyoiazima Korogwe: apakie programu, atafute draiva ya kuitambulisha redio, aunganishe antena.

Kwa majaribio alikuwa na redio nyingine, pacha wa ile. Akaitia programu ya lambo neno kwa neno, hata jina lilelile, asije akakosea, kisha akaitumbukiza kwenye pipa la maji uani.

"Mwantumu we!" mama yake, Bi Mwanaisha, akapaza sauti. "Hilo dude linaogelea kwenye maji yangu kama chura mwenye shamba lake. Nitachota lini?"

"Vumilia, mama. Kachote kwa shangazi."

Simu ikaita. Alikuwa Mzee Loserian, mfugaji. Nusu ya ng'ombe wake kiangazi kilikwishawala. Waliobaki alikuwa nao njia panda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wameanza kulala njiani hawa. Niteremke mtoni Korogwe, au nielekee lamboni? Nguvu waliyobaki nayo ni ya safari moja tu."

"Nisubiri kidogo, mzee. Mashine bado bubu."

Akapekua hadi chini ya sanduku la khanga, akaipata diski yenye draiva. Akaipakia, akazima, akawasha. Kioo kikatulia, kisha kikaandika: LAMBO. Chini yake ikasimama namba, na mkono wa Mwantumu ukaruka kwenye simu.

"Mzee, yapo! Yanamfika mtu kiunoni. Wapeleke!"

"Mungu akuweke," Loserian akasema, na mluzi wake ukasikika akiwageuza ng'ombe.

Siku waliyotarajiwa kufika, Mwantumu hakubanduka mbele ya kioo. Hata uji wake ulipoa ukashika utando. Adhuhuri namba ikaanza kushuka. Kidogo. Tena kidogo.

"Wanakunywa," akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Kunyweni, masikini, kunyweni."

Simu ikaita.

"Shikamoo, mzee! Haya niambie, wameshiba?"

Hakusikia kengele za ng'ombe. Alisikia upepo tu.

"Mwanangu," Loserian akasema polepole, "nimesimama katikati ya lambo, na makatambuga yangu hayajalowa."

Uani, kata ya mama yake ikagonga pipa. Namba ikashuka tena.