Namba ya Kimeta

Kisilu, karani wa siku nyingi hospitalini, aliliona kosa kabla wino haujakauka. Karani mgeni, yule anayesifiwa na daktari kila asubuhi kwa kujua namba za magonjwa bila kufungua kitabu, alikuwa ameandika kwenye ripoti namba ya jipu mahali pa kimeta, ugonjwa wa nadra wa ng'ombe unaoua hata watu.

Wivu ukamwingia. Miaka tisa yeye amefungua kitabu kwa kila kadi, na hakuna aliyewahi kumwambia hata "vizuri".

Kule Thika bwana afya husoma namba tu. Kwa kimeta angefunga ghala la ngozi alikoambukizwa mgonjwa. Kwa jipu hatainuka hata kitini. Lakini siku daktari akigundua, ataumbuka huyu bingwa!

Kisilu akaikunja ripoti bila kusahihisha namba, akampa tarishi.

Mgonjwa akaja kuaga, kidonda cheusi kama mkaa kikichungulia kwenye bendeji. Akamshika Kisilu kwa mikono miwili.

"Asante sana, karani. Na kazi haijapotea. Mdogo wangu ananishikia nafasi, anabeba zile ngozi mpaka nipone."

Nje, tarishi alipiga kengele ya baiskeli, akashika njia ya Thika.