Mbwamwitu wa Karama

Kwach, kwach. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, na mkasi wa Bi Badriya ulikuwa umeshaanza kazi. Alikuwa akimng'oa meno mbwamwitu.

Mbwamwitu mwenyewe alikuwa wa nyuzi nyeusi, katikati ya bendera ya chama cha siasa cha kwao Miodrag, huko Balkani. Miodrag alikuwa fundi wa magari Ras Al Khor, na jirani ya Bi Badriya hapo mtaani Karama, katika mji wa Waarabu. Kazi ya kubeba bendera aliirithi kwa baba yake. Kila mwaka, kabla ya mkutano mkuu, makao makuu humtumia mchoro wa kuitengenezea bendera upya, ndani ya bahasha yenye muhuri wa nta. Mshonaji peke yake, yaani Bi Badriya, ndiye huifungua. Na bendera haionwi na mtu mpaka ipandishwe ukumbini.

"Bibi, hao hawataki wageni," alisema Aseel, mjukuu wake, akimimina chai. "Unawashonea ya nini?"

"Lifti ilipokufa, nani alinipandishia mtungi wa gesi mpaka ghorofa ya nne?"

Aseel akamsogezea kikombe.

Miodrag aliingia na sanduku lake la bendera, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Walizungumza Kiarabu, cha Miodrag kikiwa cha kuokota gereji.

"Mama, mwaka huu kuna kura. Mwanachama mwenye mkwe mgeni afukuzwe." Mwanawe alikuwa amemwoa Trinah, Mganda, wa mapokezi katika hoteli moja Al Mankhool. "Ikipita, nanyang'anywa bendera ya baba yangu."

Bi Badriya alikunja bendera taratibu. "Mwaka ule upanga ulipotoka kwenye bendera, ilikuwaje?"

"Ajabu! Mwenyekiti aliitazama, akaduwaa, akanywa maji. Kisha akasema sisi sasa ni chama cha amani. Tukaongeza viti kumi na kimoja bungeni."

"Na maneno 'Wageni Nje' yalipofutwa?"

"Hapo alikohoa kwanza. Halafu akasema tunawakaribisha watalii."

"Basi nenda, inshallah heri." Akafunga sanduku mwenyewe.

Baada ya wiki mbili, kicheko cha Miodrag kilisikika tangu kwenye lifti. Aliingia na kopo la asali ya kwao.

"Mama! Mwenyekiti kainua macho, kamwona mbwamwitu hana hata jino. Kajifuta jasho dakika nzima! Kisha akapaza sauti: 'Ndugu zangu, chama hiki hakimng'ati mkwe wa mtu!' Hoja imeangushwa. Na Trinah kaalikwa mwakani, akae mstari wa mbele!"

"Alhamdulillahi. Chama kinakua," alisema Bi Badriya, akilamba asali kidoleni.

Alimsindikiza mgeni wake mpaka nje ya mlango, kama ilivyokuwa kawaida yake. Aseel alibaki akipanga vitu mezani. Akauchukua mchoro wa mwaka huu, akavuta mtoto wa meza aurudishe pamoja na ile mingine minane ya miaka iliyopita. Akasita. Akaitoa yote, akaitandaza mmoja baada ya mwingine.

Mbwamwitu yule yule mara tisa. Upanga ule ule, meno yale yale, na chini yake maneno yale yale: Wageni Nje.

Kutoka kwenye korido ilisikika sauti ya bibi yake, laini kabisa:

"Uje tena mwakani, baba. Bado makucha."