Ujumbe wa Florentin kwa Darasa Zima

Florentin aliandika ujumbe ule huku akipiga mswaki. Mkono mmoja mswaki, mkono mmoja simu, povu likimdondokea kifuani. Alipomaliza kusukutua, nusu ya darasa lao walikuwa wameshausoma.

"Mmempa Ephraïm uongozi wa darasa na hamjui ametoka wapi. Muulizeni baba yake ni nani. Mama yake alichukuliwa na askari wakati wa vita, akakaa nao msituni miezi minane, akarudi Kalima na mimba. Baba wa kiongozi wenu ni kikosi kizima."

Chini yake aliweka nyuso tatu za kucheka.

Chumba cha pili, Djo, mwanafunzi mwenzao waliyepanga naye nyumba, alicheka mpaka kitanda chake kikalia. "Weye Florentin, uko mubaya," alisema kupitia ukuta, kwa sauti ya mtu anayesifu.

Ephraïm alikuwa uani, anapuliza makaa achemshe chai ya wote watatu. Hilo ndilo lililomuudhi Florentin kuliko yote. Mtu anakushinda kwa kura mara mbili, kisha anakuchemshia chai. Unyenyekevu wa namna ile, kwa maoni yake, ni wa watu wasio na kitu nyuma yao. Yeye alikuwa na baba, fundi wa reli, aliyemwinua mbele ya kanisa zima siku ya ubatizo na kulitaja jina lake mara tatu. Ephraïm alikuwa na hadithi tu: baba alifukiwa na udongo kwenye shimo la madini kabla mtoto hajazaliwa.

"Watoto wa namna hiyo wote baba zao wamefia shimoni," Florentin alipenda kusema.

Wala hakuwa anabahatisha. Kule Kalima, wanawake waliochukuliwa wakati wa vita walikuwa na siku yao ya sala kila mwaka. Walifunga mlango wa kanisa, hata padri hakuingia. Mama Germaine, mama yake Ephraïm, hakukosa hata mwaka mmoja. Florentin alijua kwa sababu mama yake mwenyewe, mama Odette, alikuwa akienda naye. Walivaa vitenge sare, wakashikana mikono njia nzima, na watoto wao wawili wakaachwa nje na mandazi yao.

"Mama yako ana huruma," baba yake alimjibu siku alipouliza. "Hawezi kumwacha mwenzake aende peke yake."

Huruma hiyohiyo ndiyo iliyomleta Ephraïm mpaka chuoni Kindu, chumba kimoja na Florentin, vitanda viwili. Akina mama wale walitaka watoto wao wasome pamoja.

Ephraïm aliusoma ujumbe amesimama. Akaweka kikombe chini polepole.

"Futa, ndugu yangu. Ile maneno itafika Kalima."

"Ifike. Kwani nimesema uongo?"

Ephraïm alimtazama kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba.

"Jibu basi," Florentin alisema. "Andika pale darasa zima wasome. Baba yako njo nani?"

"Siwezi kujibu."

"Umesikia, Djo? Hawezi kujibu."

Kufika Jumatano, mtu alikuwa amechora buti ubaoni. Alhamisi, Ephraïm alipoingia darasani, benchi la nyuma lote lilisimama na kumpigia saluti. Wasichana aliowafundisha hesabu mwaka mzima walihamia upande wa pili. Ijumaa hakwenda. Alikunja shuka zake, akafunga vitabu kwa kamba. Ilibaki miezi miwili tu atetee kazi yake ya mwisho, apate cheti ambacho mama Germaine alikilimia mihogo kwa miaka mitano.

Hata Djo alikuwa ameacha kucheka. "Futa basi, Florentin. Jamaa anaacha masomo."

"Namfukuza mimi? Mlango uko wazi."

Usiku ule Florentin alilala vizuri. Alishaanza kuwaza atahamisha kitanda chake karibu na dirisha.

Jumamosi asubuhi pikipiki ilisimama mbele ya nyumba. Mama Odette alishuka, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope. Florentin alielewa mara moja: mama Germaine alikwenda kumlilia. Akatayarisha nusu ya msamaha, maana mzima aliona ni mwingi mno.

Djo alileta kigoda. Mama Odette hakukaa. Maji pia hakuyagusa.

Ephraïm alitokea mlangoni na begi lake. Alipomwona alisimama palepale.

"Mama, kwa nini umekuja? Mie sikusema kitu."

"Najua, mwanangu. Rudisha begi ndani." Akamgeukia Florentin. "Nipe simu."

Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti. Alisoma mpaka mwisho, akarudia. Djo alikuwa anatazama miguu yake.

"Mama, nilisema ukweli tu," Florentin alisema. "Kiongozi lazima ajulikane ametoka wapi."

"Ni kweli," mama yake alijibu. "Askari, msitu, miezi minane. Yote njo vile ilikuwa."

Florentin alipumua. Alimtupia Djo jicho la mtu aliyeshinda kesi.

Mama Odette akamrudishia simu.

"Andika upya," alisema. "Toa jina la Ephraïm, weka lako."